Gari Lililokaa Eda

Nyumbani kwetu kulikuwa na vitu viwili ambavyo baba hakutaka viguswe: redio iliyokaa kando ya kitanda chake, na gari. Redio tuliigusa akilala. Gari hatukuthubutu.

Lilikuwa gari la Kimarekani la miaka ya sabini, refu kupita adabu, rangi ya chai ya maziwa. Kiti chake cha mbele ni kimoja kizima kama kochi, na watu watatu wenye afya zao hukaa bila ya kugusana mabega. Kiyoyozi kilikufa kabla sijamaliza skuli na baba hakukitengeneza tena. Alikuwa akisema kiyoyozi chake ni vioo vinne na mwendo. Hapa Maskati, ambapo kila ua una magari meupe yaliyoinuka juu hata mtu mzima lazima asukumwe kwa nyuma ndiyo apande, yeye alikwenda sokoni, msikitini na mazikoni na hilo lake. Vijana walilipiga picha kwenye taa za barabarani. Wazee wenzake walimuuliza lini atalitupa. Wote aliwajibu kwa kuwapungia mkono.

Chanzo chake, kwa alivyotuhadithia, ni kwamba alipofika kutoka Unguja alikuwa kijana ambaye Kiarabu chake hakikutosha hata kuombea maji. Siku ya mwanzo ya kazi mkubwa wake alimpakia ndani ya gari kama hilo. Akazama kwenye kiti, akaitazama boneti inavyokwenda mbele yake mpaka akaikosa mwisho, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba huenda nchi hii ikampokea. Lake mwenyewe alilipata miaka mingi baadaye, kwa mtu aliyekuwa akihama, na tangu siku hiyo hakutaka jingine.

Mama alikuwa na neno lake juu ya mapenzi hayo. "Ukipenda boga, penda na ua lake," alizoea kusema, "lakini ua lenyewe hili linavuja oili."

Na kweli lilivuja. Kuwa na gari la namna ile katika nchi hii ni sawa na kuoa mbali: kila jambo dogo lazima upeleke ujumbe ng'ambo. Mpira wa rejeta huagizwa Marekani, ukasubiriwa wiki baada ya wiki, na ukifika pengine ni wa gari jingine kabisa. Boliti zake ni za vipimo vya inchi, kwa hiyo spana za majirani hazikufai kitu. Jua letu halina huruma na chochote chenye mpira ndani yake. Mkanda wa feni ambao kwa wenyewe huko hukaa miaka, huku ulipasuka kabla hatujausahau ununuzi wake. Kila Ijumaa baada ya sala na chakula, baba alivaa kanzu kuukuu, akafungua boneti, na mimi nikashika tochi.

Kaka yangu hakupenda uchafu. Mimi niliupenda, na nilichopenda zaidi ni kwamba baba, ambaye mezani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, akiinama mle ndani alikuwa msemaji. Aliniambia injini haina unafiki. Ikikosa petroli itakwambia, ikikosa moto itakwambia, na ikichoka pia itakwambia, kazi yako ni kunyamaza usikie. Nikajifunza hivyo hivyo, kwa kushika tochi na kupokezana spana. Nikaolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na kazi yangu ya wizarani, na nafasi yangu pembeni ya boneti nikaikuta haijachukuliwa na mtu.

Baba alifariki mwanzoni mwa joto. Sina mengi ya kusema juu ya hilo. Aliugua muda mfupi, akaenda, na nyumba ikawa kubwa kuliko tulivyoijua.

Mama akaingia eda. Kwa asiyejua, hiyo ni miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa nyumbani kwake, hajipambi, havai vya kung'ara, na hajitii manukato ya aina yoyote. Chumba chake kinatazama uani, na chini ya banda la bati, karibu kabisa na dirisha lake, ndipo gari lilipokuwa. Matanga yalipokwisha alituita, mimi na kaka, akasema neno moja tu: gari lisifunguliwe. Milango isiguswe, vioo visishushwe, asiingie mtu. Hatukuuliza kwa nini. Mjane akisema neno hufanyiwa. Kaka akanunua turubai, tukalifunika.

Na hapo sote tukafanya kosa ambalo nadhani ni watu wa namna yetu tu wanaoweza kulifanya. Boneti ya gari lile hufunguliwa kwa nje, kwa komeo lililo chini ya wavu wa mbele, kwa hiyo tungeweza kuliwasha mara moja moja bila ya kuvunja amri. Lakini gari lile likinguruma vikombe hugongana kabatini. Nani angekuwa na uso wa kulingurumisha chini ya dirisha la mwanamke aliye edani? Tuliona ni heshima kuliacha kimya. Basi gari nalo likakaa eda. Jua likalioka kupitia turubai kiangazi kizima, betri ikafa, matairi yakalala, na petroli ikageuka gundi ndani ya kabureta.

Eda ilipokaribia kwisha, mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa juu ya msala, tasbihi mkononi. Akaniambia nifunge mlango.

"Siku nikitoka, nnataka kwenda kwa dadaangu," akasema.

Dada yake anakaa Al Amerat, upande wa pili wa milima, na tangu kiharusi kimpate hatoki kitandani. Mmoja haruhusiwi kutoka nyumbani, mwengine hawezi kutoka kitandani. Walikuwa wakiliana kwa simu tu.

"Kaka atakupeleka, mama. Gari lake lina baridi."

"Nnataka kwenda kwa gari la babaako. Na wewe ndo utaliendesha."

Nikamwambia kweli. Nikamwambia sijui hata kama litawaka, na likiwaka sijui kama litapanda mlima. Akazungusha tasbihi punje chache, kisha akasema akitazama dirishani:

"Mle ndani mna harufu yake."

Nikakaa chini pembeni ya msala.

"Nguo zake zishagaiwa. Zilobaki zishafuliwa. Godoro mmelianika wenyewe, mashuka mmebadilisha. Mie kila nikibaki peke yangu hunusa chumba hiki, hunusa mito, hunusa mpaka nyuma ya mlango pale alipokuwa akitundika kanzu. Hamna kitu. Kabakia mle tu. Petroli, na sabuni ya mche, na lile jasho lake." Akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. "Miaka yote nkimsimanga. Nkimwambia vua huko huko nje, usiniletee gereji ndani. Sasa hiyo gereji ndo naitaka."

"Kumbe ndiyo maana milango..."

"Nkiufungua leo inatoka, na ikitoka hairudi. Nshajizuia mpaka leo, sishindwi na hizi siku zilobaki. Nnataka nikae pahala pangu, twende safari moja, yeye yumo. Basi. Nimuage. Baadaye muuze, mgaiane, mfanye mnavyojua."

Watu husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulimwona ametulia, anakula kidogo, anasali, anauliza habari za wajukuu, tukaambiana kwamba mama kapoa, mama ana imani. Kumbe kila siku alikuwa akikaa pembeni ya dirisha akilinda milango minne.

"Na usimwambie mtu," akasema nilipofika mlangoni. "Bibi mzima ananusa gari! Watanicheka."

Nikampa ahadi.

Kesho yake nilikwenda Ghala, kwenye mitaa ya gereji, nikamleta fundi mmoja wa kutoka Mwanza ambaye baba alikuwa akimwita kazi ikimzidi. Ni mtu mzuri, ila akianza kujisifu unaweza kupika wali ukaiva. Alilivua gari turubai, akalizunguka, akapiga tairi teke, kisha akanigeukia.

"Mama, hizi gari mimi nazijua kama ugali. Lete funguo niingie."

"Huingii."

"Sasa nitaiwasha vipi?"

"Hapa hapa mbele. Waya kwenye koili, bisibisi kwenye stata."

"Na kama iko kwenye gia? Itatukanyaga wote wawili, iwe mushkila mkubwa."

"Chungulia kioo. Mkono wa gia upo juu. Baba hakuwahi kulisahau."

Alichungulia, akarudi, akanitazama kwa makini. "Mama, samahani lakini. Humo ndani kuna jini?"

"Mama yangu kakataza lisifunguliwe."

"Aa," akasema, na uso ukamlegea. "Kama ni mama, khalas, yamekwisha."

Kazi ilikuwa ya kuzunguka nyumba bila ya kupita mlangoni. Tulilala chini ya tangi tukatoa petroli iliyooza, na harufu yake ilikuwa ya varnishi, si ya petroli. Tulifungua kabureta, tukaichemsha, tukaipiga brashi mpaka matundu yake yakaonekana. Tulibadilisha betri, plagi, mipira yote ya petroli na ya rejeta. Breki ndizo zilizotutoa jasho. Kuzitoa upepo hutakiwa mtu mmoja akae ndani akanyage, mwengine awe chini. Fundi aliapa kwamba bila ya mtu ndani haiwezekani. Nilimwambia tutafungua kwenye magurudumu tuyaache mafuta ya breki yadondoke yenyewe, pole pole, mpaka povu liishe. Akasema hiyo ni njia ya wavivu. Nikamwambia ndiyo njia ya baba. Tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa tukitazama mafuta yakidondoka, huku akinihadithia magari yote aliyoyaokoa maishani mwake, na nikiri kwamba baada ya miezi ile ya kunong'ona ilinipendeza kusikia mtu akijisifu.

Siku lilipowaka, lilikohoa mara mbili, likatoa moshi mweusi ulioniingia kooni, kisha likashika. Ngurumo ikajaa uani. Bati la banda likatetemeka. Nikageuka, nikamwona mama dirishani, mikono yote miwili ameshika vyuma, mtandio umemteleza begani na hakuujali. Fundi akampungia mkono kama kwamba kamfungia bao. Mimi nilishindwa kumtazama mama muda mrefu, nikarudi kuchezea skrubu ya kabureta ambayo haikuhitaji kuchezewa.

Ilibaki kulijaribu. Siwezi kumpakia mama kwenye gari ambalo sijui kama linasimama, kwa hiyo siku moja kabla ya kutoka kwake nilimwomba ruhusa. "Ingia kama mwizi," akaniambia. Nikafungua mlango wa dereva kiasi cha kupitisha ubavu, nikajipenyeza, nikaufunga. Nilikuwa nimezuia pumzi. Kisha nikavuta kidogo tu, kwa adabu, maana haikuwa yangu.

Alikuwemo. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Ile petroli, ile sabuni, na chini yake kile kitu kingine ambacho hakina jina, ambacho ni mtu. Nilikaa nimeshika usukani nikalia namna ambayo sikulia mazikoni. Halafu nikapangusa uso, nikalizungusha gari mitaani vioo vimefungwa, joto likinichoma na jirani mmoja akinishangaa, nikajaribu breki zikashika, nikalirudisha bandani. Nilitoka kama nilivyoingia. Funguo nikazitundika kwenye msumari wa jikoni, mahali pake pa siku zote, na nikaenda kumwambia mama kwamba yumo.

Hapana budi sasa nimweleze wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anakaa nasi nyumba moja, ghorofa ya juu. Ni mwanamke ambaye ukimwambia una njaa atakuletea sinia, na ukimwambia umeshiba atakuletea sinia dogo. Miezi yote ile ya eda alikuwa akiumia kwamba mama, mwanamke aliyezoea nguo zake kukaa juu ya moshi wa udi kila Ijumaa, hana hata tone la manukato mwilini. Na katika nyumba zetu mjane anapotoka eda haachwi atoke hivi hivi. Huogeshwa, huvishwa nguo mpya, hufukizwa, hutiwa udi mpaka kwenye nywele. Hiyo ndiyo heshima kubwa tunayoijua. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akiukimbia udi, kwa sababu ulimbana kifua, na ndani ya gari lake haukuwahi kuingia hata siku moja.

Asubuhi ile mama alikuwa chumbani kwangu, upande wa barabarani, tangu sala ya alfajiri, nikimwogesha na kumvisha. Nguo ya kijani kibichi, aliyoichagua mwenyewe. Alikuwa na haya kidogo, akijitazama kiooni na kujitazama tena. Aliniuliza kama amezeeka sana. Nikamwambia si sana. Akanipiga kofi la mkono, na tukatoka tukicheka.

Uani tukakuta milango yote minne ya gari iko wazi. Gari limeoshwa linang'ara. Na wifi yangu anatoka kiti cha mbele kinyumenyume, chetezo mkononi, moshi ukimfuata mzito mweupe kama wa jikoni kwa watu wa shughuli.

"Mama!" akasema, jasho linamtiririka na uso wote unacheka. "Eda imekwisha, nikasema na gari nalo litoke. Nimekufukizia tangu alfajiri. Vioo nilivifunga, moshi ukae. Kisha nikarudia tena. Ule udi wangu mzuri, mama, nilokuwa nimeuweka wa harusi ya mwanangu."

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua. Nilizihisi zikipanda mpaka masikioni, na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mama akanishika kiwiko. Akanikaza kweli kweli, vidole vikaingia.

"Ahsante mwanangu," akamwambia wifi. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Umenistahi."

Akapanda. Akakaa mahali pake, akapanga nguo yake magotini, na nikamwona anavuta pumzi. Anavuta taratibu, macho ameyafumba, anatafuta. Kisha akaitoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na moshi ni mbaya zaidi ya maji.

Tukaondoka. Kaka alitufuata nyuma na gari lake, amepakia madumu ya maji, kwa sababu hakuwa na imani hata chembe na safari hii. Sisi huku mbele tukaiacha mitaa ya nyumbani. Mama aliinama akanusa kiti upande wa dereva, nyuma ya mgongo wangu. Akanusa mkanda. Akapitisha kiganja juu ya dashibodi akakileta puani.

"Udi," akasema. "Udi. Udi mtupu."

"Tukirudi nitamwambia. Wallahi nitamwambia leo leo."

"Utamwambia nini? Kwamba kaniheshimu?"

"Kwamba angeuliza kwanza!"

"Aulize nini, na mie nimekaa na siri yangu? Akijua hatojisamehe mpaka afe, namjua. Usimwambie." Akatazama nje, kwenye kuta za nyumba zinazopita. "Mie ndo niloona haya kumtaka mume wangu. Mtu niliyekaa naye umri mzima, naona haya kusema namtaka." Akapangusa jicho kwa ncha ya mtandio. "Shusha vioo. Hamna tena cha kuweka."

Nikashusha changu, naye akauzungusha mkono wa kioo chake, na udi wa harusi ukatoka dirishani na upepo. Machozi yalinijia nikashindwa kuyapangusa kwa sababu ya magari. Nilimhurumia mama, nilimhurumia wifi, na hasira yangu ikakosa pa kutua.

Kaka alikuwa amenisihi nizungukie njia ya bondeni. Lakini baba siku zote alipita mlimani, na mama alitaka njia ya baba, basi nikapanda mlima. Anayeijua barabara ile anajua inavyosimama. Gari likaanza vizuri, kisha likawa zito, sindano ya joto ikapanda, na tulipokuwa karibu na juu injini ikakata pumzi mara moja, mara ya pili, ikazima. Nikalivuta pembeni penye kokoto. Breki, alhamdulillahi, zilishika.

Kaka akaja mbio. "Nilikwambia! Nilikwambia au sikukwambia? Mama, njoo kwangu, kule kuna baridi."

"Nshakaa," mama akasema.

Nilifungua boneti. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya bomba kabla ya kuifikia injini. Mlima na jua vikikutana huwa hivyo. Nililowesha kitambaa kwa maji ya kaka nikalifunga bomba lipoe, nikaondoa kifuniko cha kabureta, na nikachukua kichupa cha petroli niliyoibeba kwa ajili hiyo niinyonyeshe injini kidogo. Mkono ukateleza. Nusu ikaingia inakotakiwa, na nusu ikanimwagikia kwenye mkono wa nguo na kifuani, nguo yangu mpya ya siku ile. Nilitamka neno ambalo halitamkwi mbele ya kaka. Gari likawaka. Nikafungua buti, kwenye kikopo cha spana nikakuta kipande cha sabuni ya mche alichokuwa akinawia baba, nikanawa mpaka kwenye viwiko, jua likinipiga utosini na jasho likinitoka kila mahali.

Niliporudi kwenye usukani niliwasha hita kwa nguvu zake zote. Ni njia mbaya lakini ya kweli: hita huvuta joto kutoka kwenye injini, injini ikapata nafuu, na joto lote mkalipata nyinyi mlio ndani.

"Samahani, mama," nikasema. "Nanuka gereji."

Nilipeleka mkono kwenye gia. Haukufika. Mama aliushika njiani, akauvuta kwake, mkono wa nguo ulioloa na yote, akauweka puani. Nikahisi pumzi yake inaingia, ndefu, haimaliziki. Niliacha mkono wangu pale pale. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua.

"Si yeye khasa," akasema baadaye, bado ameziba uso na mkono wangu. "Jirani yake. Mlango wa pili tu."

Kaka akapiga honi nyuma yetu.

"Pandisha vioo," mama akasema.

"Mama, hita inawaka. Tutaiva humu ndani."

"Tuive. We pandisha."

Akakipandisha chake, nami nikakipandisha changu. Nikatia gia kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia hakutaka kuuachia.